Dhahabu imegeuka buluu, grafini haijibu mwanga: kutafuta kosa kwenye sampuli za plazmoni

Plazmoni ni mtikisiko wa pamoja wa elektroni, na nguvu yake hujikusanya usoni mwa metali, katika nanomita chache za mwanzo. Ndiyo maana inafaa kupimia vitu vidogo mno, na ndiyo maana inasumbua. Chochote kinachogusa ule uso, iwe chumvi, sabuni, plastiki iliyobaki au unyevu wa hewa, kinaingia kwenye matokeo yako bila kubisha hodi. Grafini imezidi, kwa sababu yenyewe ni uso mtupu: ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, ndani hakuna.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona mezani, halafu tunarudi nyuma kumsaka mhusika. Dalili ninazoulizwa kila mara nimezipa nafasi kubwa. Nyingine nimezipitia tu.

Mmumunyo wa dhahabu umetoka zambarau, buluu au mweusi

Njia ya kupika chembe za dhahabu kwa sitreti (chumvi ya asidi ya limau) ilielezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951, na mwaka 1973 G. Frens akaonyesha kwamba ukibadilisha uwiano wa sitreti na dhahabu unabadilisha ukubwa wa chembe. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: mililita 100 za asidi ya kloroauriki (ndiyo chumvi ya dhahabu) yenye milimoli 1 kwa lita, ikiwa inachemka kwa nguvu na kukorogwa, kisha mililita 10 za sitreti ya sodiamu yenye milimoli 38.8 kwa lita, zimiminwe kwa mkupuo mmoja. Chembe hutoka na kipenyo cha nanomita 13 hivi, mmumunyo huwa na rangi ya damu ya mzee, na kilele cha ufyonzaji hukaa karibu na nanomita 520.

Jambo la kwanza: buluu si kosa kila wakati. Ukishamimina sitreti, ile manjano hufifia hadi ukadhani ni maji matupu. Kisha huja kijivu chenye buluu, kama wino uliochujuka, kisha zambarau, ndipo wekundu. Safari hiyo huchukua dakika kadhaa, na nimeshaona watu wakizima jiko kwenye wino na kumwaga chupa nzima wakiamini wameharibu. Acha ichemke. Mmumunyo ukibaki buluu baada ya dakika 20 za kuchemka, hapo kweli una mgonjwa.

Kabla ya kukimbilia mashine, fanya uchunguzi wa macho. Mimina kidogo kwenye kuveti (kichupa angavu cha kupimia mwanga). Iweke mbele ya karatasi nyeupe, uangalie mwanga unaopita. Kisha iweke mbele ya kitu cheusi, umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Chembe za nanomita 13 hufyonza mwanga lakini hazitawanyi wa kutosha kuonekana, kwa hiyo kwa ubavuni utaona giza safi lenye wekundu. Ukiona ukungu wa hudhurungi au rangi ya kutu, chembe zimekua zikapita nanomita 50 au 60, au zimeshikana. Kikombe cha Lycurgus cha karne ya 4, kilichoko British Museum, London, kinacheza mchezo huo huo: ni kijani mwanga ukikipiga kwa nje na chekundu mwanga ukipita ndani yake, kwa sababu ya chembe ndogo za dhahabu na fedha zilizomo kwenye kioo.

Sasa spektra, yaani mchoro wa ufyonzaji kwa kila urefu wa wimbi la mwanga, kwa nanomita. Hapa watu huchanganya magonjwa mawili tofauti. Chembe zikikua, kilele chote husogea polepole kuelekea nyekundu, na hata chembe ya nanomita 100 huishia karibu na 570. Chembe zikishikana, kilele cha 520 hupungua mahali pake huku kilima kipana kikichomoza kati ya 600 na 700. Kwa hiyo usiangalie kilele peke yake. Gawanya ufyonzaji wa 620 kwa ule wa 520 na uandike namba hiyo kwenye daftari kila unapopika. Baada ya mapishi matano utajua namba yako ya afya ni ipi, na siku ikipanda utajua hata kabla jicho halijaona.

Kama chembe zimekua, makosa yako kwenye vipimo. Sitreti ni chache, au imekaa muda mrefu ikaota vijidudu (huota kweli, ukiona uzi mweupe unaelea, imwage). Au uliimimina tone kwa tone badala ya mkupuo, chembe za mwanzo zikapata muda wa kunenepa huku nyingine zikiendelea kuzaliwa. Au dhahabu ni nyingi kuliko unavyodhani, ingawa hii ni nadra. Kinachotokea zaidi ni kinyume chake: chumvi ya dhahabu hunyonya unyevu wa hewa, unapima gramu ambazo nusu yake ni maji. Ipime haraka, na usiichote kwa kijiko cha chuma. Inakila kijiko, na chuma kilichoyeyuka kinaingia kwenye chupa.

Kama zimeshikana, lawama iko kwa chumvi au kwa uchafu. Chembe zilizopikwa kwa sitreti hazishikani kwa sababu kila moja imevaa chaji hasi, zinasukumana. Ayoni za chumvi hufunika ile chaji, chembe zikakaribiana na kunasana, basi. Maji ya bomba yanatosha kufanya hivyo. Hata chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bomba ikakauka inatosha. Tumia maji yaliyoondolewa ayoni kwa kila kitu, pamoja na suuzo la mwisho.

Mhusika ninayemkamata mara nyingi kuliko wote, lakini, ni kile kisumaku cha kukorogea. Kiangalie kwa karibu. Kikiwa na mikwaruzo, utaona ndani yake mstari mweusi au wa dhahabu: hayo ni mabaki ya mapishi yaliyopita, na dhahabu mpya huenda moja kwa moja kujishikiza hapo badala ya kuanza chembe zake. Mimi nilihangaika wiki mbili na mimumunyo ya zambarau, nikabadilisha maji, sitreti, hata chupa, na muda wote kisumaku kilikuwa kile kile. Sasa nina viwili vya dhahabu peke yake, havitumiki kwa kitu kingine.

Vyombo husafishwa kwa akwa rejia: sehemu tatu za asidi ya haidrokloriki na moja ya naitriki, kwa ujazo. Itengeneze kiasi kidogo, itumie papo hapo ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, ukiwa na miwani na glavu. Usiifunge kwenye chupa yenye kizibo, kwa sababu hutoa gesi na chupa itapasuka. Isikutane na asetoni wala alkoholi yoyote. Maabara zimewahi kuungua kwa kosa hilo.

Jana ulikuwa mwekundu, leo umefifia

Angalia chini ya chupa kwanza. Mashapo meusi yasiyopanda ukitikisa ni chembe zilizoshikana. Mashapo mekundu yanayopanda ni chembe kubwa zilizozama kwa uzito wake, hizo ni nzima. Kama hakuna mashapo na rangi imepungua, angalia kuta. Mara nyingi utakuta mduara wa waridi kwenye plastiki, pale maji yalipoishia. Chembe zimehamia ukutani. Hifadhi kwenye kioo, gizani, kwenye friji lakini si kwenye friza: mmumunyo ukiganda, vipande vya barafu husukuma chembe pamoja na hazitaachana tena.

Kama ulipitisha kwenye sentrifuji, huenda uliizungusha kwa nguvu mno. Chembe zikibanwa zikawa tabaka gumu jeusi, umezipoteza. Punguza kasi, ongeza muda, na unapoondoa maji ya juu acha tone la mwisho lililogusa mashapo.

Na kama ulichanganya na bafa ya fosfeti yenye chumvi kabla ya kuzivisha chembe kitu cha kuzilinda, hakuna cha kuchunguza. Chumvi imefanya kazi yake. Wanaofunga DNA yenye salfa kwenye dhahabu huongeza chumvi kidogo kidogo kwa saa nyingi, ili DNA ipate nafasi ya kujipanga usoni kabla chaji haijafunikwa.

Kuna jaribio dogo la kinyume ambalo watu wengi hawalifanyi. Chukua mililita moja ya mmumunyo mzuri, udondoshee maji ya chumvi hadi ifike milimoli 100 kwa lita hivi. Inapaswa kugeuka buluu mbele ya macho yako. Isipogeuka, kuna kitu kimeshashika uso wa chembe kwa nguvu, pengine mabaki ya sabuni, na kitazuia pia kila utakachotaka kukifunga baadaye. Wekundu usiotikisika hauna maana kwamba sampuli ni safi.

Ulitaka vijiti, umepata mipira

Vijiti vya dhahabu vina vilele viwili: kimoja karibu na 520 cha upana wake, kingine cha urefu wake mahali fulani kati ya 650 na 900. Ukipata cha kwanza tu na mmumunyo wa waridi, vijiti havikuota.

Anza na mbegu, yaani chembe ndogo ambazo vijiti huota kutoka kwazo. Zinapaswa kuwa na rangi ya hudhurungi isiyokolea, bila kilele chochote, kwa sababu chembe za nanomita mbili tatu ni ndogo mno kuwa na plazmoni ya kuonekana. Mbegu zenye wekundu wowote zimeshakua, tupa. Mara nyingi chanzo ni borohaidraidi ya sodiamu: huoza ndani ya maji kwa dakika, kwa hiyo iyeyushe kwenye maji ya barafu na uitumie hapo hapo.

Kisha joto. Sabuni inayotumika, CTAB, huganda ikiwa sindano nyeupe chini ya nyuzi 25 hivi. Maabara yenye kiyoyozi kikali inaweza kukuharibia mapishi usiku bila wewe kujua. Kisha naitreti ya fedha: umeisahau? Inasahaulika.

Ikiwa vyote hivyo viko sawa na bado unapata mipira, shuku chupa ya CTAB yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walionyesha miaka ya 2008 na 2009 kwamba CTAB kutoka kwa wauzaji tofauti, ingawa zote zimeandikwa ni safi, nyingine hutoa vijiti na nyingine hazitoi hata kimoja, na mchawi alikuwa ni ayodaidi kiasi kidogo sana kama uchafu. Ayodaidi hujishika kwenye uso wa dhahabu na kuzuia ule upande mmoja kurefuka kuliko mwingine. Andika namba ya toleo la kila chupa unayofungua. Ukipata inayofanya kazi, nunua nyingine ya toleo lile lile kabla haijaisha.

Raman inaonyesha vilima viwili vipana, 1350 na 1580

Raman ni kipimo cha mwanga wa leza unaorudi ukiwa umebadilishwa na mitetemo ya molekuli, na namba zake ni za cm⁻¹. Umeweka molekuli zako kwenye dhahabu au fedha iliyokwaruzwa, unategemea vilele vyembamba, badala yake unapata nundu mbili nene zinazocheza cheza kila unapopima upya. Umeunguza sampuli. Hiyo ni kaboni, makaa ya molekuli zako.

Hesabu nguvu unayotuma. Leza ya miliwati 1 inaonekana ndogo, lakini hadubini ikiibana kwenye doa lenye kipenyo cha mikromita moja, inakuwa zaidi ya kilowati 100 kwa kila sentimita ya mraba, na hapo bado plazmoni haijaikuza kwenye mianya kati ya chembe. Punguza mara kumi, kisha mara mia, uone kama nundu zinapotea na vilele vyembamba kubaki. Sogeza doa mahali papya kwa kila kipimo.

Balaa huja unapoweka chembe za dhahabu juu ya grafini, kwa sababu grafini nayo ina vilele hapo hapo: D karibu na 1350 na G karibu na 1580. Utajuaje? G ya grafini ni nyembamba, namba 15 hivi kwa upana, haichezi chezi, na ina mwenzake 2D aliye mkali karibu na 2700. Makaa hayana 2D ya maana. Kipimo kisichoepukika ni cha dhahabu peke yake, bila molekuli na bila grafini, kwa nguvu ile ile na muda ule ule. Sitreti peke yake ina vilele vyake, na usipovijua utaviandikia makala.

(Na tahadhari ya wageni: silikoni ina kilele kwenye 520.7, ambacho hutumika kusawazisha mashine. Hiyo 520 ni ya Raman, haihusiani na nanomita 520 za dhahabu. Nimeshaulizwa.)

Grafini haionekani, au Raman yake haifanani na ya vitabuni

Tabaka moja la grafini hufyonza asilimia 2.3 tu ya mwanga. Chini ya hadubini ya kawaida inaonekana kwa hila: oksidi ya silikoni iliyo chini yake lazima iwe na unene unaofaa, nanomita 300 au 90 hivi, ili miale inayorudi ipishane na kuacha kivuli. Oksidi ikiwa nanomita 200, grafini ipo lakini jicho halitaiona. Weka kichujio cha kijani, ongeza utofauti wa picha, na kama bado, pima unene wa oksidi kabla hujalaumu utepe wa gundi uliobandulia grafini.

Kilele cha 2D kikiwa kwenye 2640 badala ya 2700, angalia leza. D na 2D husogea kulingana na rangi ya leza, na hiyo 2640 ni ya kawaida kabisa kwa leza nyekundu ya nanomita 633. Usilinganishe na mtu aliyetumia kijani.

2D fupi kuliko G? Watu husema mara moja, tabaka ni nyingi. Subiri. Grafini iliyojaa chaji, kwa unyevu au kwa mabaki ya kemikali, nayo hupunguza 2D ikilinganishwa na G hata ikiwa tabaka moja. Angalia umbo la 2D: tabaka moja hutoa kilele kimoja kilicholingana pande zote. Na D ikichomoza, hakikisha doa lako halijakaa ukingoni mwa kipande, kwa sababu ukingo hutoa D hata kwenye grafini isiyo na kasoro.

Kwa grafini iliyooteshwa kwenye shaba na kuhamishwa kwa plastiki ya PMMA, mabaki ya plastiki yapo. Swali ni kiasi gani. Asetoni huondoa mengi lakini haimalizi.

Umepima grafini na hukuona plazmoni yoyote

Ulipima kwa mwanga gani? Kama ni mwanga unaoonekana, hakuna kosa. Plazmoni za grafini yenye chaji za kawaida huishi kwenye infraredi ya kati na terahezi, mwanga wa mawimbi marefu ambao jicho halioni. Dhahabu imetuzoesha vibaya, tunadhani kila plazmoni lazima iwe na rangi.

Kama uko kwenye infraredi na bado hakuna kitu, tatizo la pili ni urefu wa wimbi. Wimbi la plazmoni kwenye grafini ni fupi mno kuliko la mwanga uliolizaa: mwanga wa mikromita 10 hivi unaweza kuzaa plazmoni ya nanomita mia mbili tatu. Mwanga ukiangukia grafini tambarare hauwezi kuishika hata kidogo, unapita. Unahitaji kitu cha kuunganisha mawili hayo. Mwaka 2011 kundi la Berkeley lilikata grafini ikawa tepe nyembamba na kuona plazmoni kwenye terahezi. Mwaka 2012 makundi mawili, moja la Hispania na jingine la San Diego, California, yalitumia ncha ya metali iliyochongoka na kuzipiga picha plazmoni zikirudi kutoka ukingoni, makala zao zikatoka pamoja kwenye jarida la *Nature*.

Kama umetumia tepe, zungusha polaraiza (kichujio kinachochagua mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga). Uga wa umeme wa mwanga lazima ukate tepe kwa upana. Ukienda sambamba na urefu wake, plazmoni haipo, hata tepe ziwe nzuri namna gani.

Sasa dalili ya hatari zaidi: umeona kilele, umefurahi, kumbe si plazmoni. Oksidi ya silikoni ina mitetemo yake ya atomu karibu na mikromita 9, inayoingiliana na plazmoni na kuzaa vilele vyenye umbo la kudanganya. Kuna kipimo kisichodanganyika. Badilisha volteji ya geti, yaani umeme wa kando unaoongeza au kupunguza chaji kwenye grafini. Masafa ya plazmoni ya grafini hupanda kwa mzizi wa nne wa wingi wa chaji, yaani ukiongeza chaji mara 16 masafa huwa mara mbili. Pia hupanda tepe zikiwa nyembamba: robo ya upana, masafa mara mbili. Kilele kisichosogea kwa geti wala kwa upana ni cha kioo kilicho chini. Kama kinakusumbua, hamia kwenye kitako kisicho na mitetemo hapo, au ifunike grafini kwa boroni naitraidi pande zote mbili, ambayo pia huifanya plazmoni isafiri mbali zaidi kabla ya kufa (ingawa boroni naitraidi nayo ina mitetemo yake kwenye bendi nyingine, usije ukaikimbia mvua ukaangukia mtoni).

Kifaa cha grafini kinajibu mwanga, lakini kwa sekunde nyingi

Elektroni za grafini zilizoamshwa na mwanga hutulia ndani ya pikosekunde. Mkondo unaopanda taratibu kwa sekunde 30 na kushuka kwa dakika mbili si kazi yao. Kuna washukiwa watatu: oksijeni na maji vinavyobanduka usoni vikipigwa na mwanga, chaji zinazonaswa kwenye oksidi, na kifaa kizima kupata joto.

Weka kifaa kwenye ombwe, kipashe joto kidogo, pima tena. Mwitikio ukipungua sana, ulikuwa unapima hewa. Kisha hamisha doa la leza hadi mahali ambapo hakuna grafini, mikromita 20 pembeni, juu ya oksidi tupu. Mkondo ukiendelea kubadilika, silikoni iliyo chini ndiyo inayojibu na kuivuta grafini kama geti. Jaribio hilo ni la dakika moja na limezika matokeo mengi mazuri, mojawapo langu.

Kinyume chake: doa dogo linatoa mkondo, lakini ukimulika kifaa kizima unapata sifuri. Hapo hakuna hitilafu. Kila kiungo cha metali husukuma mkondo upande wake, na viungo viwili vinavyofanana hufutana. Watafiti wa IBM walikwepa hilo mwaka 2010 kwa kutumia paladiamu upande mmoja na titaniamu upande wa pili.

Filamu ya dhahabu kwenye prizimu: bonde halionekani

Hapa leza hupita kwenye prizimu na kurudi kutoka kwenye filamu, na bonde ni ile pembe ambapo mwanga unaorudi hupungua ghafla kwa sababu plazmoni imeumeza. Lisipoonekana, geuza polaraiza digrii 90. Nusu ya kesi huishia hapo, kwa sababu polaraizesheni moja tu ndiyo inayoamsha plazmoni kwenye filamu. Kisha angalia unene: nanomita 50 hivi, na ukifika 100 bonde linakaribia kutoweka. Kwa kioo cha BK7 na leza ya 633, hewani bonde liko karibu na digrii 44, lakini ukitia maji hupita 70, na wengi hutafuta pale pale pa zamani. Mafuta ya kuunganishia prizimu na kioo yakiwa na povu, bonde hukatika katika.

Bonde likisogea lenyewe polepole, funga dirisha. Nyuzi moja ya joto hubadilisha kizio cha mpindo cha maji (kiasi maji yanavyopinda mwanga) kwa sehemu 1 kati ya 10,000, na kifaa chako kinaona sehemu 1 kati ya milioni.

Mmenyuko unaenda kasi leza ikiwaka: ni elektroni au ni joto?

Chembe za dhahabu zikitumika kama kichocheo, swali ni kama mmenyuko unasukumwa na elektroni zilizoamshwa na plazmoni, ziitwazo elektroni moto, au na joto tu. Hapa hata wakubwa wanagombana. Mwaka 2018 kundi la Rice University lilichapisha kwenye *Science* hesabu ya kutenganisha mchango wa elektroni moto na wa joto. Mwaka 2019 wengine wakapinga kwenye jarida hilo hilo, hoja yao kubwa ikiwa ni namna joto lilivyopimwa. Kwa hiyo usijione mjinga ukikwama.

Ushahidi unaoletwa mara nyingi ni kwamba kasi hufuata spektra ya plazmoni: pale dhahabu inapofyonza zaidi, mmenyuko unakwenda zaidi. Haithibitishi chochote. Joto nalo hufuata ufyonzaji ule ule.

Wala usitulize moyo kwa kusema joto limepanda kidogo tu. Chukua mmenyuko wenye kizuizi cha elektronivolti 1. Kutoka kelvini 300 hadi 310, kasi yake huongezeka karibu mara tatu na nusu. Nyuzi 10 tu. Chembe moja peke yake kwenye maji chini ya leza isiyokatika hupata joto dogo sana, lakini mabilioni yakiwa pamoja joto lao hujumlishana, na katikati ya doa panaweza kuwa na moto ambao kuta za kuveti hazijui.

Unachoweza kufanya: pima mmenyuko gizani kwenye joto mbalimbali, upate mstari wake, kisha uulize ni joto gani lingetosha kuleta kasi uliyoiona chini ya leza. Likiwa ni nyuzi 15 juu ya chumba, umeshapata jibu ambalo hukulitaka. Badilisha nguvu ya leza: kasi inayopanda sambamba na nguvu inaruhusu elektroni, ile inayopaa kwa mkunjo inanuka joto, ingawa kwenye kupanda kudogo vyote viwili hufanana. Tanua doa bila kubadilisha jumla ya nguvu. Koroga na usikoroge. Kwa leza ya mapigo mafupi, pima pia spektra baada ya kazi: vijiti huyeyuka vikawa mipira, na kilele cha urefu hushuka huku cha 520 kikipanda, kwa hiyo kichocheo ulichomaliza nacho si kile ulichoanza nacho.

Na kipimajoto usikiweke kwenye njia ya leza. Waya wake hufyonza mwanga, hupata moto, na utakuwa umepima joto la waya.